Barakoa gani inapanda ndege?

Najua nimepotea, wiki tatu bila kuandika hata mstari mmoja, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimerudi Bongo kimya kimya. Sijarudi, nipo hapahapa Ujerumani. Tasnifu ndiyo imenikaba, halafu juu yake nikahamishwa chumba. Ni kutoka ghorofa ya tano kuja ya pili tu, hosteli ileile, lakini ukiwa na vitu ulivyolimbikiza tangu Septemba 2021 ni kama unahama mkoa.

Katika kuhama huko nikafungua droo ya chini kabisa, ile isiyofunguliwa na mtu, nikakuta mfuko wa barakoa. Zilikuwemo za bluu kama ishirini hivi, nne nyeupe zenye umbo la mdomo wa bata, na moja ya kitenge aliyonishonea fundi wa mtaani kwetu Temeke. Nikazimwaga zote kwenye meza ya jikoni, nikauliza wenzangu nani anataka. Wakacheka. Ila ile ya kitenge ikazua ubishi mpaka maharage yakaungua.

Jirani yangu mmoja, Mkenya wa Kisumu, alisema yeye mwaka 2021 alikuwa kwa shangazi yake Marekani, akaruka mara mbili na barakoa ya kitambaa kama hiyo na hakuna aliyemgusa. Mimi nikamwambia haiwezekani, mwaka huohuo ungeivaa hiyo kuja Ujerumani ungezuiwa getini. Akasema natunga. Nikasema anatunga yeye. Usiku nikakaa nikayapanga ninayoyajua, na kumbe wote wawili tulikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo, maana kuna sababu nyingine ya nyumbani kwetu, nitaifikia.

Twende taratibu. Marekani ilianza kulazimisha barakoa kwenye ndege na viwanja vyote vya ndege mwanzoni mwa Februari 2021. Kitambaa kilikubalika, mradi kiwe na tabaka mbili au zaidi, kifunike pua na mdomo, na kibane usoni. Kilichokataliwa ni skafu, bandana, ngao ya plastiki ikiwa peke yake, na barakoa yoyote yenye tundu la kutolea pumzi. Watoto wa chini ya miaka miwili hawakulazimishwa. Sheria hiyo iliishi mpaka tarehe 18 Aprili 2022, jaji mmoja wa Florida alipoifuta. Kwa hiyo jamaa wa Kisumu hakutunga.

Huku Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine. Januari 2021 serikali ya Ujerumani na majimbo yake walikubaliana kwamba kwenye usafiri wa umma na madukani kitambaa basi, sasa ni barakoa ya kitabibu. Bavaria wakaenda mbali zaidi, wao walitaka FFP2. Kuanzia tarehe 1 Februari 2021 Lufthansa nao, kwenye ndege za kwenda na kutoka Ujerumani, wakawa wanapokea barakoa za upasuaji, FFP2, au ndugu zake KN95 na N95. Finnair wa Finland wakafuata tarehe 16 Agosti 2021: kitambaa hapana, na yenye tundu hapana.

Sasa hebu ona. Wiki ileile, virusi vilevile, abiria yuleyule na kitambaa chake. Anapanda ndege Chicago kwenda Atlanta anaambiwa karibu. Akija kupanda ya kwenda Helsinki anaambiwa toa hiyo. Ndiyo maana swali la "barakoa gani inakubalika" halikuwahi kuwa na jibu moja. Jibu lilikuwa: unapanda na nani, na unatua wapi.

Na nyumbani je? Mwezi uleule wa Februari 2021, Rais Magufuli alikuwa anawahimiza Watanzania wavae barakoa zinazotengenezwa hapo nyumbani, huku akizitilia shaka zinazotoka nje. Jamani, hapa siandiki siasa. Nataka tu muone mtu wa kawaida alivyokuwa katikati. Huku anaambiwa ya kitambaa ya hapa nyumbani ndiyo salama. Akifika kwenye mlango wa ndege anaambiwa hiyohiyo ndiyo isiyotakiwa. Na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Niliyaona haya kwa macho yangu Septemba 2021, nikiwa njiani kuja kuanza chuo. Shirika silitaji, na uwanja tuliobadilishia ndege siutaji. Tuko kwenye foleni ya ndege ya pili, saa kumi usiku, macho mekundu. Mbele yangu kuna bibi wa Tanga, anakwenda Hamburg kumuona binti yake aliyejifungua. Tulikuwa tumekaa karibu tangu Dar na tulishazoeana. Amevaa barakoa ya khanga, safi, imepigwa pasi mpaka ina mstari. Mhudumu akamtazama, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba ni ya kitabibu tu, kisha akamwonyesha kwa mkono akae pembeni.

Bibi Kiingereza hana. Alichoelewa ni ule mkono. Akanigeukia, "Mwanangu, hii kanishonea mjukuu wangu. Nimeifua juzi kwa mikono yangu. Ina uchafu gani?"

Nikamwambia, "Bibi, si uchafu. Wanataka ya hospitali."

"Basi wangesema. Mbona ananitazama kama nimekuja na matope?"

Sikuwa na jibu. Duka la pale uwanjani lilikuwa linauza pakiti, lakini kwa euro, na bibi pesa yake ilikuwa ya Kitanzania, tena imefungwa kwenye pindo la khanga. Wakati tunazungumza, akatolewa mtu wa pili kwenye foleni. Huyu alikuwa kijana wa mjini hasa, ana barakoa nyeusi ya bei mbaya, ina kifuniko cha duara pembeni kama ya dereva wa mbio za magari. Naye akaambiwa hapana. Huyo alipiga kelele! Alisema yake inachuja kuliko zote zilizopo kwenye ile foleni. Na sijui niseme nini, huenda alikuwa anasema kweli.

Mimi begini nilikuwa nazo kumi za bluu, kwa sababu binamu yangu nesi alinishikia mguu kabla sijaondoka: "Usipande na ya kitenge, utaaibika." Nikampa bibi mbili, kijana moja, tukapanda wote. Bibi aliivua ya khanga, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba pamoja na pasipoti. Hakusema neno mpaka tunapaa.

Nimekuja kusoma uhandisi wa mazingira, na muhula mmoja tulikuwa na somo zima la kuchuja hewa. Kila nikiwa darasani nilikuwa namkumbuka yule bibi, kwa sababu majibu ya swali lake yapo na wala si magumu. Yangeweza kuelezwa kwa dakika mbili kwa Kiswahili chepesi kabisa. Ngoja nijaribu.

Barakoa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzuia yanayotoka kwako yasimfikie mwenzako. Ya pili ni kuzuia ya mwenzako yasikufikie wewe. Kitambaa cha tabaka mbili tatu kinaifanya ile kazi ya kwanza kwa kiasi fulani, hasa matone makubwa ya kikohozi na chafya. Kwenye kazi ya pili kinachoka haraka, maana vile vichembe vidogo vinavyoelea hewani vinapita katikati ya nyuzi kama dagaa kwenye wavu wa sato.

Ya bluu, ile ya upasuaji, ukiichana utakuta katikati kuna tabaka kama karatasi laini. Hilo ndilo lenye kazi. Nyuzi zake ni nyembamba mno na zimetiwa chaji ya umeme tuli, ule ule unaofanya kitana kivute vipande vya karatasi ukishajichana. Kichembe hakihitaji kugonga uzi, kinavutwa. Ndiyo maana usiifue! Nyumbani tulikuwa tunaziloweka na sabuni ya unga, tunaanika kwenye kamba pamoja na soksi. Ukishaifua hivyo ile chaji inapungua sana, unabaki na karatasi ya bluu tu. Shida ya barakoa hii ni mashavuni, imeacha mapengo, na hewa ni mvivu, hupita panapopitika.

FFP2 ni ya Ulaya, inachuja angalau asilimia 94 ya vichembe vya majaribio. N95 ya Marekani na KN95 ya China ni asilimia 95, na zote zinapimwa kwa vichembe vidogo sana vya karibu mikroni 0.3, ambavyo ndivyo vigumu zaidi kunasa. Ukubwa wake kwenye kuchuja si wa kutisha kuliko ya bluu nzuri. Ubora wake mkubwa ni kwamba zinabana uso mzima. Ndiyo maana mwenye ndevu nyingi anajidanganya akivaa N95, hewa yote inapita kwenye ndevu.

Na yule kijana wa tundu? Lile tundu ni vali. Ukivuta pumzi linafunga, hewa yote inapita kwenye chujio, kwa hiyo wewe umekingwa vizuri. Ukitoa pumzi linafunguka, pumzi yako inatoka bila kuchujwa vya kutosha, moja kwa moja kwa jirani wa kiti cha 23B. Zilitengenezwa kwa ajili ya fundi seremala na mpaka rangi, watu wanaojikinga na vumbi. Vumbi la mbao haliambukizwi na seremala. Kwenye ndege anayelindwa ni kila mtu, siyo mwenye pesa ya kununua nyeusi. Kwa hiyo alikuwa sahihi kuhusu chujio lake na shirika lilikuwa sahihi kumkatalia.

Sasa swali la bibi lenyewe: kama kitambaa hakitoshi, mbona mwanzo tuliambiwa tuvae? Hapa ndipo penye jambo, wadau. Tarehe 3 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vifaa vya kinga vinaisha duniani, kwamba zinahitajika barakoa za kitabibu milioni 89 kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa huu, na viwanda viongeze uzalishaji kwa asilimia 40. Hazikuwepo. Manesi walikuwa wanarudia moja siku nzima. Tarehe 5 Juni 2020 shirika hilohilo likatoa mwongozo wa barakoa za kitambaa zenye tabaka tatu kwa watu wa kawaida, na za kitabibu zibaki kwa wahudumu wa afya, wagonjwa na walio kwenye hatari zaidi.

Kwa hiyo yule mjukuu wa Tanga aliyekaa kwenye cherehani alikuwa anafanya kile hasa dunia ilichomwomba afanye. Alikuwa anamwachia nesi barakoa yake. Viwanda vilipojaza maghala, na virusi vya aina mpya vinavyosambaa kwa kasi vilipokuja mwishoni mwa 2020, nchi zenye uwezo zikabadilisha kanuni. Kanuni mpya ilikuwa nzuri kuliko ya zamani, sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni kwamba ilipobadilika hakuna aliyerudi kumwambia mshonaji: ahsante, ulitusaidia, sasa tumepata nyingine. Alichopata bibi yake ni mkono wa kumwondoa kwenye foleni. Barakoa moja ya bluu, kitu cha senti, ingekuwa imewekwa pale getini kwenye boksi, na maneno yameandikwa kwa lugha mbili tatu, pasingekuwa na mtu wa kudhani ameitwa mchafu.

Kuhusu ndege yenyewe, kuna kichekesho tulichokuwa tunakisema wote: eti korona inaheshimu muda wa chakula? Maana tulikuwa tunavaa saa zote, halafu trei zikija watu mia tatu wanavua kwa pamoja. Kichekesho kina ukweli ndani yake, lakini kuna nusu ya pili watu hawaijui. Ndege kubwa za kisasa zikiwa angani zinabadilisha hewa ya ndani mara 20 hadi 30 kwa saa. Karibu nusu inatoka nje na nusu inapita kwenye chujio za HEPA zinazonasa asilimia 99.97 ya vile vichembe vigumu vya mikroni 0.3. Hewa ya angani ni safi kuliko ya daladala ya Mbagala, hilo nakuhakikishia. Anayeambukiza ni yule wa karibu yako, kabla hewa haijafika kwenye chujio. Na hatari imejazana kabla na baada ya safari: foleni ya ukaguzi, basi la kupeleka watu kwenye ndege, na zile dakika mmesimama kwenye ujia, mifumo ya hewa inafanya kazi nusu au haijawashwa, kila mtu anapumulia kisogo cha mwenzake.

Sasa ile sababu ya nyumbani.

Machi 2021 mama yangu alilazwa siku kumi na moja. Mnakumbuka lugha ya wakati ule, kila mtu alikuwa na "changamoto ya upumuaji". Tulijifukiza nyungu mpaka mapazia yakanuka mwarobaini. Mama alitoka hospitali, Alhamdulillah, watu wengine wawili wa mtaa wetu hawakutoka. Lakini mapafu yake hayajarudi kama zamani. Akipanda ngazi za ghorofa moja anasimama katikati, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwaka huu nahitimu, Mungu akipenda, na mama anakuja. Ndege mbili na treni moja. Juzi akanipigia, na baada ya shikamoo na salamu zote akauliza: "Eti siku hizi barakoa wanataka ipi?"

Nikamwambia, "Hawataki yoyote, mama. Wameshafuta."

Na ni kweli. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliacha kupendekeza ulazima wa barakoa kuanzia tarehe 16 Mei 2022. Ujerumani iling'ang'ania kwenye ndege mpaka mwisho wa Septemba 2022, kisha kwenye treni za masafa mpaka mwanzoni mwa Februari 2023. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha. Dharura, siyo virusi. Virusi vipo, mafua makali yapo, na mapafu ya mama ni yaleyale.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nisivae. Watanicheka, waseme huyu mama bado yuko 2020."

Wadau, pale ndipo nilipoona kwamba swali limebadilika kabisa. Wakati wa janga tuliuliza ipi inakubalika na mhudumu wa getini. Sasa mhudumu hajali, na swali limebaki kwa mama peke yake: ipi inamfaa yeye? Na hapo hakuna tangazo la kumsaidia, ni sisi watoto wake. Kwa hiyo tulizungumza saa nzima, na tulivyokubaliana ndivyo nawaandikia, huenda na wewe una mama, au bibi, au mjomba mwenye pumu anayesafiri.

Kwanza, FFP2 isiyo na vali. Kwenye barakoa yenyewe, siyo kwenye boksi tu, kuwe kumechapishwa EN 149, neno FFP2, na alama ya CE ikifuatiwa na tarakimu nne. Tarakimu nne zikikosekana, iache dukani, feki zilikuwa nyingi na zingine bado zipo. Ukiona NR maana yake ni ya kutumia zamu moja tu na kutupa, kwa hiyo abebe za kutosha kwenda na kurudi.

Pili, mama anavaa hijabu, na kamba za masikioni zinamsumbua. Kuna kibanio kidogo cha plastiki cha kuunganisha kamba mbili kisogoni, juu ya hijabu. Nimekipata, namtumia. Waya wa puani aubonyeze kwa vidole viwili. Miwani ikiingia ukungu ujue hewa inavuja juu, abonyeze tena.

Tatu, na hili ndilo alilolisisitiza binamu yule nesi: barakoa yenye namba kubwa haina faida kama hawezi kupumua nayo. Mtu mwenye mapafu dhaifu amuulize daktari wake kwanza. Mama atauliza kliniki mwezi huu, na wakati huohuo anaizoea nyumbani, nusu saa akipika, kesho saa moja. Ikimshinda kwa safari nzima, ataivaa pale penye foleni, kwenye basi na wakati wa kupanda na kushuka, na ndege ikishapaa atavaa ya bluu. Bora ndogo inayokaa usoni kuliko kubwa iliyo mkononi.

Nne, akila, ale wakati jirani amemaliza. Na kale kafeni ka juu ya kichwa akawashe, akaelekeze mbele ya uso wake.

"Na wakinicheka?" akauliza tena.

Nikamwambia, mama, kuna daktari aliitwa Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alitumwa kupambana na tauni kule Harbin, kaskazini mwa China, mwishoni mwa 1910. Alisema ugonjwa ule unapita hewani, akawavalisha watu barakoa za pamba na shashi. Daktari mwingine mkubwa kwa umri na cheo, Mfaransa Mesny, aliona kijana huyu anamfundisha nini. Akaenda kwa wagonjwa bila kuvaa. Hakumaliza hata wiki mbili.

Mama akasema, "Yule Mfaransa mama yake alikuwa hai?" Sijui swali lile lilitoka wapi. Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya, nitumie hivyo vibanio."

Naishia hapa, kesho asubuhi nina kikao na msimamizi wangu na sura ya tatu bado haina kichwa wala miguu. Zile za bluu nimezigawa jikoni, ya kitenge nimeitundika ukutani, haitoki. Wenye wazazi wanaokuja kwenye mahafali, anzeni kuulizana nao mapema, msingoje wiki ya safari. Jumapili njema, na wale wa mitihani Mungu awatangulie.